Kabla ya viza ya kipaji, tafuta jina lako kwenye andiko la mradi

Tangu Januari 1, 2026, Watanzania wanaotaka kwenda Marekani kwa viza za F, M na J, yaani za masomo na za kubadilishana utaalamu, wamo kwenye vizuizi vilivyotangazwa na nchi hiyo Desemba 2025. Ulaya upepo ulikuwa unavuma upande mwingine. Mei 2025 Umoja wa Ulaya ulitangaza euro milioni 500 kwa miaka 2025 hadi 2027 za kuvutia watafiti kutoka nje, na mwezi uliofuata Uingereza ikatangaza pauni milioni 54 kwa shabaha hiyohiyo. Habari hizi zilipofika Mtwara na Lindi zilikuwa zimeshonwa kuwa ujumbe mmoja wa kutumiana kwenye simu: Marekani wamefunga, Ulaya wanagawa viza za vipaji, wahi kabla nafasi hazijaisha. Pale palipo na "wahi" hakosi kishoka, na tayari wapo wanaotoza fedha ili "wakuingize kwenye mfumo".

Ujumbe huo umekosea mahali pengi, lakini kosa kubwa liko kwenye neno lenyewe, kipaji. Kwa mtafiti wa chuo au wa kituo cha utafiti, viza hizi kwa kawaida hutolewa kwa mkataba wa kazi, kwa ruzuku yenye masharti yanayohesabika, na kwa barua ya mtu mwenye mamlaka ya kusema "huyu tumemchukua". Kipaji kimeshapimwa na watu wengine kabla fomu ya viza haijafunguliwa. Na kikwazo kikubwa cha mtafiti wa mikoa yetu ya Kusini hakipo ubalozini. Kipo nyumbani, miaka miwili au mitatu nyuma, siku ile mradi wa pamoja na wageni ulipoandikwa na yeye akawekwa kwenye mstari wa posho badala ya mstari wa watafiti. Hapo ndipo nguvu zetu zinapaswa kwenda, na ndipo zisipokwenda kabisa.

Tuanze na viza inayozungumzwa zaidi, Global Talent ya Uingereza. Ilifunguliwa Februari 20, 2020, ikachukua nafasi ya viza ya awali iliyokuwa na kikomo cha idadi. Hii haina kikomo, kwa hiyo hakuna nafasi za kuisha. Haidai mwajiri mdhamini wala kiwango cha chini cha mshahara, na haidai mtihani wa Kiingereza wala taarifa ya benki ya kuonyesha akiba. Anayekuuzia kozi ya IELTS kwa ajili ya viza hii anakuuzia kitu ambacho viza haikiulizi, ingawa chuo kitakachokuajiri kinaweza kuwa na sharti lake. Kwa kawaida maombi yana hatua mbili. Ya kwanza ni uidhinisho, unaotolewa na mojawapo ya taasisi nne kwa upande wa utafiti: Royal Society, British Academy, Royal Academy of Engineering, au UKRI, shirika la umma la Uingereza linalogawa fedha za utafiti. Ya pili ni viza yenyewe, ambayo lazima iombwe ndani ya miezi mitatu tangu uidhinisho utoke.

Kufikia uidhinisho kuna njia nne, na uzito wake haulingani hata kidogo. Njia ya tathmini kamili, ambayo ndiyo watu wengi huifikiria, hutaka uzamivu au uzoefu wa utafiti unaolingana nao, maelezo ya kazi zako, na barua ya mtu mashuhuri katika fani anayeishi Uingereza na anayeifahamu kazi yako. Wataalamu huisoma, kisha huamua. Kwa mtu aliyeko Mtwara hii ndiyo njia ngumu kuliko zote. Nyingine tatu ni za haraka: kupata ajira ya kitaaluma yenye uongozi wa utafiti katika chuo kilichoidhinishwa, kushinda ufadhili binafsi wa utafiti ulio kwenye orodha inayotambuliwa, au kuajiriwa kwenye mradi unaolipwa na mfadhili aliye kwenye orodha ya UKRI. Katika hizi, uidhinisho huchukua takriban wiki mbili kwa sababu hakuna wa kukutathmini upya. Mjuzi ni yule anayejua kwamba hakuna haja ya kubishana na jopo iwapo jopo jingine limeshamaliza kazi.

Njia ya UKRI inastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndiyo inayowafaa wengi na ndiyo isiyojulikana. Masharti yake yanahesabika kwa vidole. Ruzuku iwe ya pauni 30,000 au zaidi na iwe ya muda usiopungua miaka miwili. Taasisi inayokuajiri iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Jina lako, au cheo cha nafasi yako, kiwemo kwenye andiko au barua ya ruzuku. Angalau nusu ya muda wako wa kazi iende kwenye mradi huo. Mkataba wako uwe umebakiza angalau mwaka mmoja. Na orodha ya wanaokubalika haiishii kwa maprofesa: yumo mtafiti wa baada ya uzamivu, yumo na mtaalamu wa mitambo ya maabara au wa mbinu za uchambuzi ambaye mchango wake ni wa lazima kwa mradi. Maombi huharibika kwa vitu vidogo vya kusikitisha. Mkataba ni wa miezi 11. Barua ya mwajiri inasema "atashiriki katika mradi" bila kutaja asilimia ya muda. Cheo kwenye mkataba ni "mtafiti mshiriki" na kwenye ruzuku ni "mchambuzi wa takwimu", na hakuna aliyeeleza kwamba ni nafasi ileile. Au barua imesainiwa na mkuu wa maabara, mtu mwema kabisa, wakati inatakiwa ile ya idara ya rasilimali watu.

Sasa chukua jedwali la bajeti la mradi wa kawaida wa kilimo kati ya chuo cha Ulaya na watu wa huku. Juu kabisa yuko kiongozi wa mradi, asilimia 20 ya muda wake. Anafuata mtafiti wa baada ya uzamivu, miezi 24. Kisha nauli za ndege, vipimo vya maabara, ada ya kuchapisha. Chini kabisa, chini ya "gharama za uwandani", kuna dereva, mafuta, na posho ya msaidizi kwa siku 40. Msaidizi huyo asiye na jina ana shahada ya uzamili, pengine anaendelea na uzamivu. Ndiye anayegeuza kikonyo cha ua la mkorosho na kuona ungaunga mweupe wa ubwiriunga ukiwa bado doa, kabla haujalifunika shada zima. Ndiye anayejua shamba lipi la Tandahimba lilipigwa salfa kwa wakati na lipi lilichelewa, na ndiye ambaye mkulima hukubali kumwambia ukweli kuhusu mavuno yake. Sampuli zikifika Ulaya zina namba. Yeye hana hata mstari. Miaka miwili baadaye, akiomba nafasi ya utafiti huko huko sampuli zake zilikokwenda, jopo linamwona kama mtu asiye na rekodi.

Kuna watakaosema ninazidisha uzito wa jina, kwa kuwa sheria inakubali hata cheo cha nafasi, na nafasi hutangazwa hadharani, yeyote anaweza kuomba. Hoja hii ina ukweli, na wapo walioingia kwa mlango huo. Lakini jopo la usaili husoma wasifu kwa maswali yanayojulikana: umewahi kuandika andiko likashinda? Umekuwa mtafiti mwenza wapi? Jina lako liko la ngapi kwenye machapisho? Aliyewahi kutajwa kwenye ruzuku moja ana majibu yote matatu. Aliyelipwa posho ya siku 40 ana kumbukumbu nzuri za uwandani tu, na kumbukumbu hazina mahali pa kujazwa kwenye fomu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayowala watu fedha, ni kwamba yote haya ni konekisheni: mpate mtu mwenye barua ya mwaliko, mambo yamekwisha. Barua ya mwaliko inafaa kwa mtu anayekwenda kwenye mkutano wa siku tatu. Haimo kabisa kwenye masharti ya viza hii. Barua zinazohitajika hutoka kwa taasisi zilizo kwenye orodha ya wazi, zikieleza ruzuku, cheo, tarehe na muda, na uidhinishaji huzilinganisha na kumbukumbu za mfadhili mwenyewe. Barua ya kughushi huleta zaidi ya kukataliwa: udanganyifu katika maombi unaweza kumfungia mtu viza za Uingereza kwa miaka 10. Anayedai laki kadhaa za "kufungua faili" hana faili la kufungua. Fomu ya uidhinisho hujazwa mtandaoni na mwombaji mwenyewe, na hata akikataliwa katika tathmini anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 28 bila kulipa chochote.

Hoja nzito ni nyingine, nayo siwezi kuipita kwa haraka: kwamba tunawafundisha watu kuondoka. Mikoa yetu haina wataalamu wa kumwaga. Kituo cha Naliendele, chenye jukumu la kitaifa la utafiti wa korosho na kinachofanya pia ufuta na karanga, kinategemea watu waliokaa na zao moja kwa miaka mingi. Mnyauko wa mikorosho na ubwiriunga havisubiri mtu arudi. Katika chuo chenye walimu wachache kwenye idara, mmoja akiondoka kozi nzima inayumba. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni hitimisho kwamba tuwaache wasijue utaratibu. Asiyejua utaratibu hubaki na kinyongo, au huondoka kwa mlango mbaya: kwa viza ya matembezi, kwa kazi isiyohusiana na fani yake, na huyo ndiye harudi kamwe kwenye shamba la majaribio.

Tena masharti yenyewe yana kitu ambacho wachache hukisoma. Katika viza nyingi za Uingereza, anayetaka ukaazi wa kudumu haruhusiwi kuwa nje ya nchi zaidi ya siku 180 katika kila miezi 12. Kwa aliyeidhinishwa kupitia taasisi hizi nne za utafiti, siku za nje zilizotumika kwa utafiti unaohusu kazi yake hazihesabiwi dhidi yake. Maana yake ni kwamba mtafiti wa mikorosho anaweza kukaa Mtwara msimu mzima wa maua hadi mavuno na hati zake zikabaki salama, mradi atunze barua za mwajiri zinazoeleza safari hizo. Ukaazi wa kudumu haumvui mtu Utanzania. Uraia wa nchi nyingine ndio unaomvua, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na kwa hofu hiyo huacha haki moja au hupoteza nyingine.

Fedha ndizo zinazowakwamisha hata walioshinda yote hayo. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ada ilikuwa pauni 766, yaani 561 za uidhinisho na 205 za viza. Juu yake kuna ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba. Kwa viwango hivyo, mtu mmoja akichukua miaka mitano analipa pauni 5,941. Lakini mwombaji huchagua mwenyewe idadi ya miaka, kuanzia mmoja hadi mitano, na mwenye mkataba wa miaka miwili anaweza kuomba miwili, akalipa pauni 2,836. Familia hubadilisha hesabu kabisa. Mume, mke na watoto wawili kwa miaka mitatu: ada za viza pauni 3,064, afya ya watu wazima pauni 6,210, afya ya watoto kwa pauni 776 kila mmoja kwa mwaka ni pauni 4,656. Jumla pauni 13,930, kabla ya tiketi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri kabla ya kusaini ni moja tu na liulizwe kwa maandishi: je, chuo hulipa ada ya viza na ya afya, na je, hulipa moja kwa moja au hurejesha baadaye? Kurejeshewa baadaye ni msaada kwa mwenye akiba. Kwa wengi wetu ni sawa na kutolipiwa.

Kisha kuna karatasi za nyumbani, ambazo huku Kusini zina ugonjwa wake. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cheti cha kidato cha nne Mohamed, shahada Muhammad, na pasipoti imefuata kimojawapo. Jina la babu limo kwenye karatasi moja na halimo kwenye nyingine. Nchini humu watu huelewana. Kwenye faili la mgeni hao ni watu watatu. Tibu mapema: amua jina la pasipoti kuwa ndilo la kudumu, fanya kiapo au hati ya kubadili jina kwa wakili, na uchapishe kazi zako zote kwa jina hilohilo. Ndoa nayo. Nikah iliyofungwa msikitini bila cheti kinachotambulika kisheria haimfikishi mwenzi popote, kwa hiyo cheti kifuatiliwe wakati mashahidi wangali hai. Na kwa kuwa Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazotakiwa kupima kifua kikuu kwa viza ya zaidi ya miezi sita, safari ya Dar es Salaam ni lazima: kipimo hufanyika kwenye kliniki iliyoidhinishwa, si hospitali yoyote ya mkoa, na cheti hudumu miezi sita. Picha ya eksirei ikiacha shaka, makohozi huoteshwa kwa takriban wiki nane. Mwenye siku 90 za kutumia uidhinisho wake, akipima dakika za mwisho, anaweza kuziona zikiishia maabara. Mtumishi wa umma aongeze moja: barua ya ruhusa ya mwajiri. Kuondoka bila hiyo huhesabiwa utoro, na hapo mlango wa kurudi Naliendele umejifunga wenyewe.

Bara la Ulaya lina utaratibu mwingine, rahisi zaidi kueleweka. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2016/801, linalotumika katika nchi wanachama isipokuwa Denmark na Ireland, limejengwa juu ya karatasi moja: mkataba wa mapokezi kati ya mtafiti na taasisi inayompokea. Huo ukishasainiwa, ubalozi hauna kazi ya kupima ubora wako. Ufaransa hutoa kwa msingi huo kibali cha hadi miaka minne, chini ya aina ya viza inayoitwa Talent, na mwenzi huruhusiwa kufanya kazi. Utafiti ukiisha, agizo linampa mtafiti angalau miezi tisa ya kubaki atafute kazi au aanzishe shughuli. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa wenye uzamivu hauangalii uraia, na huomba mwombaji awe hajakaa katika nchi anayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kwa aliyekuwa Lindi muda wote, sharti hilo limeshatimia lenyewe. Anachohitaji ni msimamizi wa Ulaya aliye tayari kuandika naye, na msimamizi huyo kwa kawaida ni mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Tumerudi kwenye andiko la mradi.

Historia ya mkoa wa Lindi inaonyesha jambo hili kwa mifupa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, na zaidi ya tani 200 za mabaki zikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, kisha Berlin, ambako mjusi mkubwa wa Tendaguru bado amesimama kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Kazi ya uchimbaji iliendeshwa kwa ujuzi wa Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji na mtayarishaji wa mifupa. Sayansi ilimpa jina lake mwaka 2007, mnyama mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Karibu karne moja baada ya kazi.

Leo hali si ileile, na tofauti ina anwani. Mtafiti wa kigeni hawezi kufanya utafiti nchini bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kibali hicho hutaka mshirika wa hapa. Mgeni anahitaji saini ya mtu wa Naliendele, wa chuo, wa makumbusho, kabla hajagusa jani au jiwe. Saini hiyo tumezoea kuitoa kama ukarimu, nayo ina bei halali ambayo haitozwi kwa fedha. Mkuu wa taasisi anayesaini barua za ushirikiano angeweza kuweka kanuni moja tu: hakuna saini mpaka andiko lionyeshe mtafiti wa hapa kwa jina, kwa asilimia ya muda, na kwa miezi ya kufanya uchambuzi huko mradi unakochambuliwa. Na mtafiti kijana asisubiri kanuni. Siku mgeni atakapoandika kuomba msaada wa kibali, jibu liende wiki hiyohiyo, kabla andiko halijawasilishwa, kwa sababu kuongeza mtu baada ya ruzuku kutoka huhitaji idhini ya mfadhili na mara nyingi hakuna anayetaka kuiomba. Liwe fupi: "Nipo tayari kuwa mshirika wenu wa hapa na kushughulikia kibali. Naomba niingizwe kama mtafiti mwenza kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba yangu ya utambulisho wa mtafiti, ORCID, ni hii. Naomba pia bajeti iwe na miezi 24 ya nafasi ya uchambuzi katika chuo chenu, itajwe kwa cheo, ili nitakapoiomba hati zangu zilingane na zenu."